Nyumba ya Wenyewe Watatu

Mabibi harusi watarajiwa wanaokwenda kupimwa magauni kwa Mama Kidoti hutoka na zaidi ya vipimo. Akisikia tu kwamba wachumba wanatafuta nyumba ya kununua, hutoa pini mdomoni, huweka utepe mezani na kusema, "Kabla hujaongea na anayeuza, ongea na jirani. Ongea na wa kulia, ongea na wa kushoto, na kama yupo wa nyuma, zunguka. Wala msione haya. Haya ndiyo iliyotumaliza sisi." Wengine hucheka wakidhani ni maneno ya mafundi tu, maana mafundi hawakosi maneno. Hawajui alikopitia.

Wakati ule yeye na mumewe walikuwa wamepanga chumba kimoja katika nyumba ya vyumba vingi. Mume alikuwa mwoka mikate, mikono imejaa makovu ya trei za moto mpaka kwenye viwiko. Mke alishonea humohumo chumbani. Cherehani ilikaa miguuni pa kitanda, na mteja akija kujaribu nguo, baba na mtoto hutoka wakasimama koridoni mpaka amalize. Binti yao, waliyemwita Kidoti kwa doa lake jeusi la kidevuni, alijifunza kutembea kati ya mvungu wa kitanda na ndoo za maji. Mwenye nyumba alikuwa na tabia ya kugonga mlango na kuingia kabla hajajibiwa. Siku moja aliingia mke yumo nusu nguo, akijipima gauni. Badala ya kurudi nyuma alisimama palepale akaanza kulalamikia taa zinazoachwa zikiwaka.

Jioni yake mke alimwambia mumewe, "Nataka mlango ambao mtu akigonga, nikanyamaza, anaondoka."

Mume hakucheka. "Tutaupata," alisema.

Wakajinyima. Nyama ikawa ya mgeni, na mgeni mwenyewe wakaacha kumwalika. Mume alichukua zamu za wenzake, mke akashona sare za shule mpaka vidole vikafa ganzi. Akiba ilipoonekana kutosha nyumba ndogo ya pembezoni mwa mji, walikwenda kwa shangazi yake mume kuomba ushauri. Shangazi alikuwa amezeekea kwenye nyumba za kupanga, hakuna hila ya wenye nyumba aliyokuwa haijui.

"Nyumba ni kama mchumba," shangazi aliwaambia. "Usiipende kabla hujaijua. Kwa mchumba ninyi mmeshachelewa, lakini kwa nyumba bado mna nafasi. Nendeni mvua ikinyesha, mwone maji yanapita wapi. Nendeni tena bila miadi na mtu. Salimianeni na majirani mpaka wawazoee, jirani aliyekuzoea haachi kusema. Na msitoe hela mkiwa na dalali peke yenu. Shahidi wa dalali ni dalali."

Waliitikia yote. Mume aliyarudia njiani kama mtoto anayetumwa dukani.

Nyumba waliyoonyeshwa na dalali ilikuwa na vyumba viwili vya kulala, sebule, jiko, na bomba la maji uani. Walipofika, aliyekuwa akiuza alikuwa anafagia uwanja mwenyewe. Mtu mpole, sauti ya chini, uso wa kutabasamu. Alitoa viti, akawapa maji ya kunywa, akasema anauza kwa sababu mama yake anaumwa na yeye ndiye mwana wa pekee, hana budi kwenda kumtunza. Kandambili zake zilikuwa mlangoni. Mashati yake yalikuwa yameanikwa kwenye kamba. Nani atamshuku mtu ambaye mashati yake yananing'inia uani kwake?

Mume alitaka warudi siku nyingine. Ng'ambo ya uzio, upande wa kushoto, alikuwapo mshona viatu amekaa kibarazani kwake na kiatu mapajani, na mume alifikiri kwenda kumsalimia. Lakini dalali alimshika mkono akamvuta pembeni.

"Bwana, nakwambia kwa sababu nimewapenda," alisema. "Kuna mtu na mkewe wanakuja kesho. Mke ana mimba, wana haraka kuliko ninyi. Mimi sina upande, atakayetangulia ndiye."

Mume aliporudi kumweleza mkewe, alisema, "Tungoje. Shangazi aje aone kwanza."

"Shangazi ana safari mpaka wiki ijayo."

"Basi wiki ijayo."

Mke aliitazama sebule. Alikuwa ameshaiweka cherehani yake karibu na dirisha, ndani ya kichwa chake. Akasema polepole, bila ugomvi, "Wewe ngoja. Utakuwa unangoja siku zote. Tutafia koridoni."

Neno hilo lilimchoma mume kuliko trei yoyote. Kesho yake walilipa kila walichokuwa nacho, katika ofisi ya dalali yenye feni na muhuri. Shangazi hawakumwambia. Walitaka kumshangaza.

Siku ya kuhamia walikodi gari dogo la mizigo. Magodoro juu, cherehani katikati imefungwa kwa shuka, Kidoti mbele kwenye mapaja ya mama yake. Ufunguo uliingia kwenye kitasa bila tabu, lakini mlango ulipofunguka waliona mapazia. Jikoni sufuria ilikuwa inachemka. Mwanamume mwembamba alitoka chumbani na taulo begani.

"Karibuni," alisema. "Mnamtafuta nani?"

"Hatumtafuti mtu," mume alijibu. "Sisi ndio wenye nyumba."

Yule mtu alitabasamu kidogo, kama anayengoja mwisho wa mzaha. "Wenye nyumba ni sisi, ndugu yangu. Tumehamia juzi."

Nyuma yake akatokea mkewe, mimba imemtangulia, mkono kiunoni. Sufuria ilifurika jikoni na hakuna aliyekwenda kuiinua.

Kumbe dalali hakuwa amesema uongo kuhusu wale watu wengine. Alichoficha ni kwamba wao pia wangepewa ufunguo. Yule mwanamume alikuwa kinyozi, naye alikuwa amelipa katika ofisi ileile, chini ya feni ileile. Walipiga simu ya yule mpole, haikupatikana. Wakapiga ya dalali, haikupatikana. Walikwenda ofisini wakakuta mlango umefungwa na jirani wa ofisi hajui lolote. Waliporudi, mshona viatu wa upande wa kushoto aliweka chini sindano yake.

"Yule alikuwa mpangaji," alisema. "Nyumba ni ya bibi mmoja, amehamia kwa mwanawe mji mwingine tangu mumewe afariki. Mimi nimekaa hapahapa siku zote. Nilidhani mnakuja kupanga. Mbona hamkuuliza?"

Mke wa kinyozi aliketi chini, kwenye vumbi, hapohapo uzioni.

Polisi waliandika maelezo yao, wakawaambia wangoje. Mtu mmoja aliyejidai kujua sheria akawanong'oneza kila upande kwa wakati wake kwamba anayekaa ndani ana nguvu kuliko aliye nje, na atakayetoka kwanza amejinyang'anya mwenyewe. Basi hakutoka mtu. Ingawa kwenye maandishi nyumba ilikuwa ya bibi ambaye hawajawahi kumwona, kila upande ulijipa tumaini kwamba bibi huyo labda amekufa, labda hatarudi, na Mungu awasamehe, walilipenda tumaini hilo.

Mama Kidoti alichukua chaki yake ya kukatia vitambaa akapiga mstari sakafuni, toka mlango wa mbele mpaka jikoni. Mkono wake ulizoea kunyoosha, mstari haukupinda hata kidogo. Chumba cha mbele na dirisha kwao, chumba cha nyuma na mlango wa uani kwa kina kinyozi.

Maisha yaliyofuata yalikuwa ya kutisha kwa namna ya vitu vidogo. Kinyozi aliweka kiti barazani akaanza kunyoa wateja hapo, nywele za watu zikapeperuka mpaka kwenye sare nyeupe za shule. Mama Kidoti akanunua kufuli akafunga bomba. Kinyozi akachomoa waya wa umeme uliokwenda chumba cha mbele, pasi ikapoa katikati ya kola. Mke wa kinyozi akawa anakwenda kuchota maji kwa mshona viatu, ndoo mkononi, tumbo mbele, akipita chini ya dirisha la Mama Kidoti, na Mama Kidoti akawa anakanyaga cherehani kwa nguvu zaidi ili asisikie pumzi zake.

Mtoto tu ndiye hakuuheshimu mstari. Kidoti alikwenda upande wa pili akarudi amesukwa nywele, misuko midogo mizuri, kazi ya mchana mzima ya mke wa kinyozi. Mama yake alimkalisha kitako akaifumua yote. Mtoto alilia kwa uchungu. Mama naye alijua ng'ambo ya ukuta mwanamke mwingine anasikiliza, na hilo ndilo hasa alilolitaka.

Mume aliacha kwenda kazini. Aliogopa akiondoka, kinyozi atawatupia vyombo nje. Msimamizi alimtumia salamu mara ya kwanza, mara ya pili, kisha akaweka mtu mwingine kwenye tanuri. Hapo ndipo maji yalipozidi unga.

"Nilisema tungoje," mume alimwambia mkewe.

"Ungesema kama mwanamume, ningesikia."

"Nilisema."

"Ulinong'ona."

Tangu hapo walizungumza kupitia kwa mtoto. Mwambie baba yako chakula tayari. Mwambie mama yako sina njaa.

Bibi alikuja mchana wa jua kali, peke yake, na begi la nguo lililofungwa kwa kamba. Alifungua geti kama mtu anayejua linapokwama, akalisukuma kwa goti. Barazani alimkuta kinyozi anamnyoa mtu, dirishani mwanamke anashona. Hakuuliza wao ni nani. Alikwenda moja kwa moja kwenye bomba akainama kunywa, akakuta kufuli.

"Nani kafunga maji yangu?" aliuliza.

Mama Kidoti alitoka na ufunguo. Alishindwa kuutia kwenye kufuli, mpaka bibi akamwambia, "Taratibu, mwanangu." Bibi alikunywa kwa kiganja, akanawa uso, akaketi juu ya begi lake katikati ya uwanja. Mshona viatu alikuwa ameshampelekea habari. Alijua kila kitu.

"Nimewasikia mlivyoibiwa," alisema wote wanne walipokusanyika. "Nami nimeibiwa. Yule mtu hajanilipa kodi tangu sijui lini. Kwa mwanangu sikufukuzwa, niliona tu begi langu limewekwa karibu na mlango kila nikiamka. Basi nimerudi. Marehemu mume wangu alifyatua matofali haya kwa mikono yake, na mimi nilimchotea maji. Sikuuza, sitauza."

Kulikuwa na nini cha kubisha?

"Lakini miguu hii hainifikishi mbali, na kuishi peke yangu siwezi. Chumba kimoja nitapangisha. Kimoja. Familia mbili sizitaki, mmegombana mpaka mmenichafulia sakafu. Zungumzeni nani abaki."

Kinyozi alitoa sarafu mfukoni. "Tuirushe, yaishe," alisema.

"Nyumba yangu si kamari," bibi alisema. "Nimesema zungumzeni."

Wanaume hawakujua kuzungumza tena. Walisimama uani wakitazamana, kinyozi bado ana wembe mkononi, mume wa Mama Kidoti ameokota kipande cha bomba la chuma bila yeye mwenyewe kujua amekiokota lini. Yule mteja nusu-kichwa alijiondokea na taulo shingoni. Mama Kidoti alipoona hivyo hakukimbilia kuwaamua. Aliingia ndani, akauvuka mstari, kwa mara ya kwanza, mpaka chumba cha nyuma.

Mke wa kinyozi alikuwa ameshatangulia ndani, anakunja nguo za mtoto na kuzitia kwenye mfuko. Miguu yake ilikuwa imevimba, vifundo havionekani. Nguo alikuwa amezishona mwenyewe kwa mkono, mishono mirefu imepinda kama nyayo za mlevi.

"Unakunja nini? Hakijaamuliwa kitu," Mama Kidoti alisema.

"Mume wangu hajawahi kushinda kitu," yule mwanamke alijibu. "Naona bora niwe tayari."

"Mtakwenda wapi?"

"Sijui, dada. Tulikuwa tunalala saluni, sakafuni, tukizima taa mapema wasituone. Sasa pale wamempa mtu mwingine."

Mama Kidoti alisimama akiishika nguo moja. Alimfikiria shangazi, na chumba chake chenye kitanda kimoja na pazia. Kilikuwa kidogo, lakini kilikuwapo. Aliitamani chuki yake imsaidie, imwambie huyu ni mwizi, huyu ni adui. Haikuja. Alitoka nje akasema mbele ya wote, "Sisi tunaondoka."

Mumewe aligeuka. "Sisi nani?"

"Mimi, wewe na mtoto. Baba Kidoti, yule dada hana pa kwenda."

"Na mimi ninapo?" Bomba lilimdondoka. "Ulinisukuma kuingia. Sasa unanisukuma kutoka."

Ilikuwa kweli.

Alikodi mkokoteni akapakia cherehani na mabegi. Mume alikataa kugusa chochote. Aliketi juu ya godoro nje ya geti, mgongo ukutani, kama mtu anayelinda kitu. Mke alisubiri, akasubiri, mwisho akamshika Kidoti mkono wakaufuata mkokoteni. Njiani alilia, mtoto akauliza, akamwambia ni vumbi. Mvuta mkokoteni, aliyekuwa ametangulia, hakugeuka, na Mama Kidoti alimshukuru moyoni.

Shangazi hakusema "niliwaambia." Alisogeza kitanda, akafunga kamba ya pazia. Siku ya pili mume naye alifika, godoro kichwani, akalitandika upande wake na kulala akiutazama ukuta.

Akawa mtu wa kuzunguka. Alikuwa anamtafuta yule mpole na dalali wake mtaa kwa mtaa, akirudi viatu vimeachana na soli, haongei, hali. Shangazi alimwekea chakula, akakiondoa kilivyo. Mke alimsikia mara mbili tatu akijisemea, na maneno hayakuwa mazuri. Siku moja akifagia, ufagio uligonga kitu mvunguni. Akavuta. Kilikuwa kidumu cha mafuta ya taa, kimejaa, na kiberiti kimefungiwa kwenye kishikio chake kwa uzi wa kushonea. Uzi wake yeye.

Aliketi nacho mpaka mume aliporudi.

"Hiki cha nini?" alimwuliza. Hakupitia kwa mtoto.

Mume alikitazama kidumu. Kisha akaketi sakafuni, mkabala naye.

"Nilikwenda," alisema. "Jana. Nilifika mpaka getini. Nilisema kama si yangu, basi isiwe ya mtu. Nilikuwa nimeshafungua kifuniko." Alijipangusa uso kwa mkono wenye makovu. "Nikasikia mtoto mchanga analia ndani. Analia kile kilio cha kwanza kwanza, kama mbuzi. Nikafunga kifuniko. Mama Kidoti, mimi nimekuwa nani?"

Alimshika kichwa akakivutia magotini pake, na mume alilia vile wanaume wanavyolia wakidhani hakuna anayesikia, ilhali shangazi alikuwa nyuma ya pazia, kimya kama ukuta. Kesho yake shangazi alikichukua kile kidumu bila kuuliza akayamimina mafuta yake kwenye jiko la utambi. Walikula vyakula vilivyopikwa kwa mafuta yale mpaka yakaisha.

Hasira haikuisha pamoja na mafuta. Mume alipata kazi kwenye tanuri dogo, mshahara nusu ya ule wa zamani. Mke aliendelea kushona, akivumilia ukimya wa mwanamume aliyelia mara moja na kuona haya tangu siku hiyo. Usiku aliota dirisha, akaamka anaona pazia.

Kisha polisi wakawaita. Wamekamata mtu, wakamtambue. Kituoni walimkuta kinyozi na mkewe wameketi kwenye benchi, mtoto amefunikwa kwa khanga. Wakasalimiana kwa vichwa. Waliingizwa wote wanne pamoja, wakasimama mbele ya mtu mfupi, mnene, mwenye hofu machoni. Hakuwa yule mpole. Hata hakufanana naye. Askari alisema watawaita tena, kwa sauti ya mtu asiyetarajia kuita.

Walipotoka nje kinyozi aliegemea ukuta akafumba macho. Mkewe alitaka kufunga upya khanga yake, akatazama huku na huku, kisha akamkabidhi mtoto kwa mtu aliyekuwa karibu zaidi, naye alikuwa Baba Kidoti. Alimpokea kwa mikono miwili, kama trei. Mtoto alikuwa macho. Alimtazama yule mtu, akapiga chafya, akaendelea kumtazama. Baba Kidoti alimrudisha polepole, akihakikisha shingo imeshikwa.

Walirudi kwa miguu. Walikuwa wamepita maduka mengi kabla mume hajafungua mdomo.

"Mtoto ana afya," alisema.

"Ndiyo," mke alijibu.

Wakaenda tena.

"Tutafute chumba," mume alisema. "Cha kupanga. Shangazi amechoka kulala amejikunja."

"Kikubwa kidogo?"

"Chochote tutakachokiweza."

Mke alitaka kumwambia samahani kwa neno lile la siku ya kwanza, la kufia koridoni. Lakini mume alikuwa ameshasimama mbele ya nyumba moja yenye kibao cha chumba cha kupangisha, na kabla hajagonga kwa mwenye nyumba, alikata kona akaenda kumsalimia jirani.